Anza na daftari la viungo vya kampeni (links) kabla hujalipia zana yoyote

Kampeni ya kwanza ya matangazo ya mtandaoni niliyoachiwa niiendeshe peke yangu ilidumu wiki nne. Siku ya kutoa ripoti, mkuu wangu wa kazi alitazama michoro yote niliyomwandalia kisha akauliza swali moja: hawa watu mia mbili na kitu waliojiandikisha wametokea wapi? Wakati ule nilikuwa nalipia zana nne. Hakuna hata moja iliyoweza kunijibu, na kosa halikuwa la zana.

Nilipofungua Google Analytics, zana ya kupima wanaotembelea tovuti, orodha ya vyanzo ilisomeka hivi: Facebook, facebook, fb, FB_ads, na juu ya zote fungu kubwa la watu ambao mfumo haukujua wametoka wapi. Matangazo yalikuwa ya mtandao mmoja, ila kila aliyetengeneza kiungo alikiandika anavyojua yeye, na mfumo hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Viungo tulivyotuma kwa WhatsApp na barua pepe havikuwa na alama yoyote ya kuonyesha vimetoka wapi, ndiyo maana waliokuja kwa njia hizo walirundikana kwenye fungu lile la wasiojulikana.

Tangu siku hiyo, zana ya kwanza ninayomwelekeza mgeni wa kazi hii ni lahajedwali, ndilo daftari la viungo. Google Sheets inatosha, Excel inatosha. Kiungo cha kampeni hubebeshwa maneno mwishoni: utm_source husema mtu katoka wapi, utm_medium husema kaja kwa njia gani, utm_campaign husema ni kampeni ipi. (Herufi U ya UTM ni ya Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kwa programu yake ikajenga Google Analytics.) Kila kiungo kipewe mstari wake: tarehe, kinampeleka mtu wapi, kinawekwa wapi, maneno yale matatu, na jina la aliyekitengeneza. Tumia herufi ndogo tupu, weka kistari mahali pa nafasi, na kiungo kisitoke bila kupita daftarini. Alama hizi usiziweke kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako, kwa mfano bango la ukurasa wa mwanzo. Zitafunika chanzo cha kweli, na mtu uliyemlipia tangazo ataonekana kana kwamba alikuja kwa bango lako mwenyewe.

Naanzia hapa kwa sababu wengi wanaoingia kazi hii huanzia upande wa pili, kwenye orodha za zana bora. Scott Brinker, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichora ramani ya zana za teknolojia ya masoko, alihesabu zipatazo 150 mwaka 2011. Kufikia 2024 zilikuwa zimevuka 14,000. Hakuna atakayemaliza kuzilinganisha. Andika kwanza maswali ambayo kampeni yako lazima iyajibu, halafu tafuta zana kwa lile swali lililobaki bila jibu. Swali likishapata jibu kwa ulichonacho, hapo huhitaji kununua kitu.

Baada ya daftari, weka kipimo kwenye tovuti kabla tangazo la kwanza halijatoka. Kwa wengi itakuwa Google Analytics 4, na wanaotaka kuongeza au kubadilisha alama za ufuatiliaji (vipande vya msimbo vinavyohesabu anachofanya mtu kwenye tovuti) bila kumsumbua mtengeneza tovuti kila mara hutumia pia Google Tag Manager. Kuna mpangilio mmoja ambao wageni karibu wote huuruka: muda wa kuhifadhi data kwa ajili ya uchambuzi wa kina huja ukiwa miezi 2. Unaweza kuupeleka hadi 14 bila malipo, lakini usipofanya hivyo mapema, kilichokwisha kufutwa hakirudi. Mwakani utataka kulinganisha msimu na msimu, na kwenye uchambuzi huo utakuta huna cha kulinganisha nacho. Mimi huubadilisha dakika ile ile akaunti inapofunguliwa.

Kisha jaribu kwa mkono wako. Chukua simu, zima Wi-Fi, bofya kiungo cha tangazo kama mteja, jaza fomu hadi ukurasa wa shukrani, huku kompyuta ikiwa imefunguliwa kwenye ripoti ya papo kwa papo ya Google Analytics. Je, umejiona ukiingia? Jina la chanzo ni lile lililo daftarini? Tukio la kujiandikisha limehesabiwa mara moja, au mara mbili? Mara mbili hutokea kuliko unavyodhani, hasa pale alama ya ufuatiliaji imewekwa ndani ya tovuti na mtu mwingine akaiweka tena kwenye Tag Manager. Zoezi hili huchukua robo saa. Kuna kampeni niliyowahi kuikuta ikiendeshwa kwa mwezi mzima kwa namba zilizoongezeka maradufu kwa sababu hakuna aliyelifanya, na bajeti ilikuwa imeongezwa kwa kuziamini namba hizo.

Sasa jiandae kwa jambo litakalokuchanganya zaidi ya yote: zana zako hazitakubaliana. Tuseme Meta (wenye Facebook na Instagram) inadai mauzo 40, Google Ads inadai 30, na kitabu cha mauzo kina 50 tu. Hapo usiseme kuna anayedanganya, kila mmoja anahesabu kwa kanuni yake. Meta, usipobadilisha mpangilio, hujihesabia mauzo yaliyotokea ndani ya siku 7 baada ya mtu kubofya tangazo, au ndani ya siku 1 baada ya kuliona tu. Mtu huyo huyo akija baadaye kupitia tangazo la Google, Google nayo humhesabu. Google Analytics, kwa upande wake, haina njia ya kujua nani aliliona tangazo la Meta bila kubofya. Ongeza mabadiliko ya Apple ya Aprili 2021, ambapo programu za simu za iPhone zilianza kulazimika kumwomba mtumiaji ruhusa ya kumfuatilia, na utaelewa kwa nini sehemu ya namba unazopewa ni makadirio. Mwamuzi wangu ni kitabu cha mauzo. Namba za mitandao nazitumia kulinganisha tangazo na tangazo ndani ya mtandao huo huo, na sijumlishi kamwe za Meta na za Google kisha nikaita jumla hiyo mauzo. Ukimpa bosi jumla ya namna hiyo, siku atakapoiweka kando ya hesabu za benki ndiyo siku atakapoacha kuamini ripoti zako.

Zana za kubuni picha na kupanga machapisho hazihitaji kukukosesha usingizi. Canva humtosha mgeni, na Meta Business Suite hupanga machapisho ya Facebook na Instagram bure. Maktaba ya matangazo ya Meta nayo ni ya bure. Itembelee uone washindani wako wanatangaza nini na tangazo lipi wameliacha likiendelea kwa muda mrefu.

Kwenye barua pepe, tulia. Hapa zana huamua kama ujumbe utafika au hautafika. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma kwa wingi wathibitishe domeni zao kwa SPF, DKIM na DMARC (rekodi zinazoonyesha kwamba barua kweli imetoka kwako), waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na wasiruhusu malalamiko ya barua taka kufika asilimia 0.3. Chagua huduma inayokuongoza kuweka rekodi hizo hatua kwa hatua. Usivutwe na inayojisifu kwa asilimia ya waliofungua barua: kufunguliwa huhesabiwa picha za barua zinapopakuliwa, na tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple yenyewe imekuwa ikizipakua kwa watumiaji waliowasha ulinzi wa faragha, hivyo barua huonekana imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaigusa. Tazama mibofyo na majibu. Soma pia jinsi bei inavyopanda kulingana na idadi ya anwani, kwani baadhi ya huduma hukutoza hata kwa waliokwisha kujiondoa.

Na kabla ya kulipa, fungua akaunti ya majaribio uingize anwani chache, halafu jaribu kuzitoa. Faili linatoka na tarehe ya kujiunga? Linatoka na orodha ya waliojiondoa? Hii ya pili ndiyo watu huisahau wanapohama. Wanabeba wateja tu kwenda huduma mpya, wanatuma barua ya kwanza, na waliokwisha kukataa wanaipokea tena. Malalamiko humiminika ndani ya saa chache. Uwezo wa kutoka na data yako una uzito kweli, maana zana hufungwa hata zikiwa za kampuni kubwa: Google Optimize, iliyotumiwa kujaribisha kurasa, ilifungwa 30 Septemba 2023, na toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea data 1 Julai mwaka huo huo.

Jambo la mwisho ni la umiliki, na naomba ulichukulie kwa uzito hata kama bado wewe ndiye mdogo ofisini. Biashara moja niliyoisaidia ilikuwa imefunguliwa akaunti ya matangazo na mfanyakazi kwa barua pepe yake binafsi. Alipoondoka, hakuna aliyeweza kuingia. Pikseli (msimbo wa mtandao wa matangazo unaowafuatilia watu kwenye tovuti) yenye historia ya wanunuzi, hadhira (makundi ya watu wa kuonyeshwa matangazo) zilizojengwa kwa miaka, kumbukumbu za malipo, vyote vilibaki huko, na wakaanza upya na mfumo usiojua chochote kuhusu wateja wao. Kwa hiyo kila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, iwe na wasimamizi wawili, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwa wote wawili. Wakala au mfanyakazi apewe ruhusa ya kufanya kazi ndani yake, asiwe mwenye akaunti. Kwenye lahajedwali lile lile la viungo, ongeza ukurasa wa pili: jina la zana, nani msimamizi, inalipiwa kwa kadi ya nani, inajibu swali gani. Mimi huupitia kila baada ya miezi mitatu, na zana ambayo sehemu yake ya swali iko tupu naisitisha kabla ya malipo yanayofuata.