Jibu: Gari limeongezeka kilomita likiwa gereji

Pole sana ndugu yangu. Umeacha gari gereji hapo Ngamiani, Tanga mjini, libadilishwe pedi za breki, umelikuta na kilomita 70 zaidi na taa ya mafuta inawaka. Kujaribu breki hakufiki huko, hiyo ni Muheza kwenda na kurudi! Usigombane na kijana aliyelishika. Mfuate mwenye gereji, udai mafuta yako. Akikukatalia, nenda polisi ukafungue RB, yaani uandikishe malalamiko yako upewe namba ya kumbukumbu.

Kagua pia betri, jeki na tairi la spea leo hii. Mimi niliwekewa betri chakavu, nikagundua asubuhi yake, fundi akakana. Iliniuma mno. Siku hizi napiga picha ya kilomita, geji ya mafuta na betri, fundi akiwa amesimama hapohapo.