Mwanangu aligonga, bima ikagoma, nikauza kiwanja

Juzi usiku dada mmoja wa Musoma ameniandikia. Mwanawe wa miaka 17 amegonga bajaji na gari la nyumbani, na ndugu wanamshauri awaambie polisi kwamba yeye mama ndiye aliyekuwa kwenye usukani. "Dada, nifanyeje?"

Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, moyo ukarudi kwetu Nyakato, Mwanza.

Kulwa wangu naye alikuwa na miaka 17. Jioni ile alichukua ufunguo juu ya friji akaenda kumfuata mdogo wake tuisheni. Wengi niliwaambia aliuiba. Hakuuiba. Mimi ndiye niliyekuwa namtuma. Alianza kwa kuliosha gari uani, akaja kulitoa getini, mwisho nikawa namtuma hadi Igoma kuchukua mkaa, na majirani wakimsifu nafurahi. Siku hiyo akakata kona bila kutazama, akamgonga kijana wa bodaboda. Mguu ulivunjika sehemu mbili.

Kituoni, tukisubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kwa ajili ya majeruhi, shemeji yangu akanivuta pembeni. "Semeni baba yake ndiye aliyeendesha. Bima italipa, yataisha." Mume wangu akanyamaza. Mimi, Mungu anisamehe, nilishakubali. Kulwa ndiye aliyesema, "Mama, yule kaka ameniona usoni."

Tukasema ukweli.

Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, na nilijivunia. Wenzangu pale Mwaloni Kirumba, tunakouza dagaa, wengi walikata ile ndogo ya 118,000, inayomlipa tu uliyemgonga, mimi nikajiona nimemaliza. Mkataba wenyewe sikuwahi kuusoma. Kumbe ulieleza wazi nani anaruhusiwa kuendesha, na asiye na leseni hayumo. Kwa gari letu hawakulipa hata senti. Kuhusu majeruhi, wakili alinieleza kwamba mahakama inaweza kuiamuru kampuni imlipe, kisha kampuni ikarudi kutudai sisi. Akaongeza jambo lililonichoma: mzazi habebeshwi kosa la mtoto kwa kuwa tu amemzaa. Anabebeshwa la kwake, la kumkabidhi mtu gari huku akijua hana leseni. Na kuruhusu hivyo peke yake ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani.

Tukakaa na familia ya yule kijana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Vyuma vya mguuni, pikipiki, miezi ya kukaa bila kazi. Kiwanja changu cha Buhongwa, nilichokinunua kwa dagaa miaka minane, kikaenda. Nimelipa chote, na hilo nalisema kichwa juu. Ila shemeji bado anasema ningemsikiliza ningekuwa na kiwanja, na neno hilo bado linaniuma.

Wazazi wenzangu, tunawapenda watoto vibaya. Miaka 18 kwanza, kisha leseni ya kujifunza na mwalimu pembeni, kisha leseni kamili. Hata akiipata, uliza kampuni yako kwa maandishi kama dereva mpya anakubalika kwenye bima yako, maana wengine huweka masharti ya umri na uzoefu. Hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, usiamini karatasi ya wakala peke yake. Soma mkataba. Nasema tena, usome. Na ufunguo usikae juu ya friji.

Sasa dada wa Musoma. Usiseme uongo. Dereva wa bajaji ameona, abiria wameona, na taarifa ya uongo inaweza kuua hata dai ambalo lingelipwa, kisha ikakuongezea kesi. Itaarifu kampuni mapema, eleza kama ilivyokuwa, usisaini makubaliano ya fidia kabla hujazungumza nao na wakili.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho asubuhi nenda hospitali na mwanao, mkamjulie hali yule mtu. Mimi nilikwenda siku ya tatu. Mama yake hakunipa mkono.