Kyubiti inashuka wakati fomula inasema haitasogea, kulikoni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya simulesheni ya kyubiti moja (mfumo wa kwantamu wenye ngazi mbili za nishati) inayovuja nishati, natumia mlinganyo wa Lindblad, ule wa mfumo ulioungwa na mazingira, naianzishia ngazi ya juu. Fomula ya Mandelstam na Tamm ya muda mfupi kabisa wa hali kubadilika, τ ≥ πħ/2ΔE, inanipa ΔE (mtawanyiko wa nishati) sifuri, yani muda usio na mwisho, ila kwenye grafu kyubiti inashuka tu. Programu yangu ina shida?

Jibu: Marahaba. Programu haina shida, fomula ndo umeipeleka kusiko kwake. Mandelstam na Tamm mwaka 1945 walikuwa wanaongelea mfumo uliofungwa, hamna kinachoingia wala kutoka, na humo kinachosogeza hali ni mtawanyiko wa nishati peke yake, ndo maana kyubiti ya 5 GHz ukiiweka nusu juu nusu chini inafikia hali tofauti kabisa na ya mwanzo kwa nanosekunde 0.1, kuwahi zaidi ya hapo haiwezi. (Kikomo cha Margolus na Levitin cha 1998, kinachotumia wastani wa nishati badala ya mtawanyiko, nacho usikikimbilie, kwa kyubiti hiyohiyo ikiwa juu kingekupa nanosekunde 0.05, namba isiyojua lolote kuhusu uvujaji.)

Sasa yako imeungwa na mazingira. Hamiltoniani ya kyubiti, yani fomula ya nishati yake, haiioni γ (kasi ya uvujaji), na γ ndo inayoivuta chini. Ungepiga hesabu ya kyubiti pamoja na mazingira yake yote ΔE isingekuwa sifuri, muunganiko wenyewe unaleta mtawanyiko, sema nani ataweza kuhesabu mazingira yote? Mwaka 2013 yakatoka majibu matatu: Taddei na wenzake wakapitia taarifa ya Fisher ya kwantamu (kipimo cha jinsi hali inavyotofautika muda ukisogea), del Campo na wenzake, halafu Deffner na Lutz, wao wakapima ukubwa wa kile kinachoisukuma hali ndani ya mlinganyo, ambacho kwako kimebeba γ. Anzia kwa Deffner na Lutz, kwa simulesheni kama yako ndo rahisi.

Ila angalia unachouliza. Kwa Lindblad yenye γ isiyobadilika uwezekano wa kuikuta juu ni e^(−γt), haugusi sifuri hata siku moja, kwa hiyo kuuliza "inamaliza kushuka lini" hakuna maana, uliza inafika umbali fulani lini, mfano nusu, ambayo ni kama 0.69/γ.

Mambo yanageuka mazingira yakiwa na kumbukumbu, na hapa ndo patamu. Deffner na Lutz walichukua modeli ya Jaynes-Cummings (kyubiti iliyoungwa na mwanga) yenye uvujaji, λ ikiwa upana wa spektra ya mazingira, na γ ikizidi λ/2 kyubiti inamaliza kushuka ndani ya muda unaohesabika afu nishati inaanza kurudi. Jaribu γ = 10λ, masafa ya kyubiti na ya mazingira yakiwa sawasawa, utaona inagusa sifuri karibu na t = 0.82/λ. Isipogusa hapo, basi kweli kagua programu.