Jibu: Microsoft kuinunua Activision, mwenye kibanda cha PS aogope?

Mkuu, umeuliza kama Call of Duty itatoweka kwenye PlayStation baada ya Microsoft, wenye mashine ya Xbox, kuinunua Activision inayotengeneza gemu hilo, maana kibanda chako pale Kirumba ni PlayStation tupu. Haitatoweka leo wala kesho. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyofanya dili la dola bilioni 68.7 lisote kuanzia Januari 2022 hadi Oktoba 2023. Marekani serikali ilikwenda mahakamani ikagonga mwamba, na Sony, wenye PlayStation, wakapata mkataba wa miaka 10 wa kubaki na Call of Duty. Waliobana kweli ni Uingereza. Wao shida yao ilikuwa gemu za kuchezwa kupitia intaneti bila mashine, mpaka Microsoft wakakubali haki hizo ziende Ubisoft, kampuni nyingine ya gemu. Kwa bando zetu hizi za Mwanza, hilo tuliache kwanza.

Ila wateja wako wanacheza nini? Wale madogo wanaogombea pedi jioni wanataka mpira. Basi wa kuwatazama ni EA, watengenezaji wa gemu la mpira lililokuwa likiitwa FIFA: Septemba 2025 walitangaza kukubali kununuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia na wenzake, bilioni 20 zikiwa za mkopo. Hao hawauzi mashine, kwa hiyo sioni sababu ya kuwanyima PlayStation. Lakini deni lazima lilipwe, na mimi nadhani litatafutwa kwenye vile vipakiti vya wachezaji vinavyouzwa kwa pesa ndani ya gemu la mpira, kwenye Ultimate Team. Diski zako za zamani usiziuze. Mechi ya watu wawili inapigwa hata bando likiisha.