Maswali na Majibu: Uzi wa Kushonea Mfuko wa Bastola wa Zamani

Nina mfuko wa bastola wa ngozi, wa zamani sana, umefumuka. Niagize uzi gani ulio halisi?

Wa nchi gani? Wa mwaka gani? Swali hili linaletwa kila mara bila hata muhuri wa nyuma kusomwa. Soma muhuri kwanza, kisha angalia uzi uliobaki kwenye mshono. Hapo ndipo tutazungumza.

Wangu ni M1916 wa jeshi la Marekani, umegongwa "BOYT 42" (kiwanda cha Boyt, mwaka 1942). Mshono wa ukingoni umeachia kama inchi tatu. Nataka ufanane na wa kiwandani.

Hili ndilo swali lililoulizwa vizuri. Mfuko huo ulibeba bastola ya M1911, na uzi wake ni wa kitani uliopakwa nta. Tafuta uzi wa kitani wa kushonea ngozi, ule wa mafundi wa matandiko ya farasi. Ukikuta umeandikwa 18/3, namba ya kwanza ni wembamba wa nyuzi (ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi) na ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Usinunue kwa kukisia. Linganisha na kipande cha uzi wa zamani kutoka sehemu iliyofichika, kwani kile cha juu kimeshasuguliwa kikapungua.

Toa mabaki ya uzi kwa kibanio, tundu moja moja. Chukua uzi wenye urefu wa mara nne ya mshono, au zaidi kidogo kwa kuwa ngozi ni nene. Upitishe kwenye nta ya nyuki mpaka uwe unanata vidoleni. Tunga sindano butu kila ncha, kisha pitisha zote mbili katika kila tundu, moja ikitokea mbele na nyingine nyuma. Anzia matundu mawili au matatu ndani ya mshono ambao bado mzima, na umalizie vivyo hivyo upande wa pili. Kata uzi karibu na ngozi. Usiuchome kwa kiberiti: kitani hakiyeyuki, kinaungua tu na kuacha weusi.

Msharasi, chombo cha kutobolea ngozi, uache mezani. Matundu yapo tayari, na kila tundu jipya ni jeraha la kudumu.

Kwa nini nisitumie poliesta? Ni imara kuliko kitani.

Uimara huo ndio hatari yenyewe. Ngozi ya miaka 80 imekauka na kupungua nguvu kati ya tundu na tundu. Ikivutwa, kitu kimoja lazima kiachie. Uzi wa kitani ukikatika unashona tena jioni ile ile. Poliesta haikatiki, inachana ngozi kama kisu, na ngozi iliyochanika hairudi. Halafu kuna historia: poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, na nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938. Mfuko wa 1918 wenye uzi wa namna hiyo unajitangaza kuwa umeguswa.

Nimeona kibonge cha uzi wa kitani wa miaka ya vita kinauzwa mnadani. Ninunue?

Kwa kabati, sawa. Kwa kushonea, hapana. Uhalisi uko kwenye aina ya uzi, unene wake na matundu yale yale. Umri wa uzi hauongezi kitu. Uzi uliozeeka unaweza kukatika mkononi kabla hujamaliza inchi moja.

Fundi viatu wa mtaani anasema atapiga cherehani dakika tano.

Mkatalie. Cherehani itatoboa matundu yake.

Uzi mpya ni mweupe mno. Niuchovye kwenye chai?

Usichovye. Nunua uzi wa kitani wa rangi yake ya asili na uupake nta. Vumbi na mikono vitamaliza kazi. Na kama lengo la kuuzeesha ni kumficha mnunuzi asijue umeshonwa upya, huo ni udanganyifu. Mwambie, umwonyeshe na mahali penyewe.

Niupake mfuko mafuta kwanza ili ulainike?

Hapana, hata kidogo. Mafuta mengi yanaifanya ngozi kuwa nyeusi na tepetepe, na yakishaingia hayatoki. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Tena, anayemiliki bastola kwa kibali asiihifadhi ndani ya mfuko huo: ngozi hunyonya unyevu, na pamoja na asidi iliyobaki tangu ilipodabaghiwa, italeta kutu kwenye chuma.