Wadogo zangu mnaobeba damu, msiiamini barafu

Juzi nimefungua deli lililopakiwa na kijana wa fildi. Aisipaki, zile pakiti za barafu, zimetoka friza moja kwa moja, kavu, zimeota ukungu mweupe, zimekumbatia chupa za damu (ni mifuko, sisi tunaiita chupa) kama kuku na vifaranga. Nikashindwa hata kufoka, maana nilijiona mimi.

1. Aisipaki iache mezani mpaka itoke jasho, ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Kisha kadibodi kati yake na damu. Hili mmefundishwa. Hamfanyi kwa sababu dereva anapiga honi.

Na mimi nilipigiwa honi. Nilikuwa na miezi mitatu kazini hapa Tabora. Huko njia ya Urambo mama kajifungua, damu haikatiki, wanataka chupa nne za O. Jua la Oktoba mnalijua. Nikajaza barafu chini, juu, ubavuni, nikajipongeza. Njia nzima nimelipakata deli kama mtoto. Sista akatoa chupa ya kwanza, akaibonyeza kona. Ilikuwa imekakamaa, chengachenga za barafu zikalia. Ya pili hivyo hivyo. Zote nne akazisimamisha mezani, akazikataa. Baadaye damu ilipojitenga, ile sehemu ya juu inayotakiwa kuwa ya manjano ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Chembe nyekundu zimepasuka. Ukimwekea mgonjwa kitu kile, unamharibia figo.

Shemeji wa yule mama ndiye aliyekunja shati. Akapimwa, akatolewa damu, ikaoanishwa na ya mama kuona kama zinapatana, na dakika zote hizo mimi niko kwenye benchi nimekumbatia deli tupu. Mama alipona. Sista akaniletea chai, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

2. Joto la damu: njiani nyuzi 2 hadi 10 za Selsiasi, kwenye friji 2 hadi 6. Kipimajoto kikae kati ya chupa na chupa, si ubavuni mwa barafu.

3. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazitaki baridi kabisa: nyuzi 20 hadi 24. Ukiziwekea barafu, umezitupa.

4. Kijana akanijibu: "Kaka, mbona moyo wa kupandikiza unasafirishwa kwenye barafu?" Swali zuri, nikampa heshima yake. Moyo unalowekwa kwanza kwenye maji ya kuhifadhia, yenye baridi, unafungwa mfuko juu ya mfuko, ndipo barafu inakaa nje. Hata mapafu, yanayofungwa yakiwa na hewa ndani, hayaguswi na barafu. Ikigusa, nyama inaungua kwa baridi. Na pamoja na ufundi wote huo, moyo wanaukimbiza usizidi muda wa saa 4 hivi. Wewe una damu inayokaa siku 35 kwenye friji, unaiua kwa safari ya asubuhi moja!

5. Andika saa ya kutoka. Wodini, damu iliyokaa nje ya friji zaidi ya dakika 30 hairudi frijini.

Kijana nimempa aisipaki, anatikisa, anasikiliza. Dereva kapiga honi mara tatu. Nimemwambia apige na ya nne.