Kudibagi Nucleo-F401RE kwenye Ubuntu

Ndugu, umeuliza kama unahitaji kununua kifaa cha kudibagi (kutafuta makosa kwenye programu), na kwa nini ukidibagi mistari inarukaruka na vigeu havionekani. Huhitaji kununua kifaa kingine. Nucleo-F401RE ina ST-Link yake (kifaa cha kudibagi) juu ya bodi, kebo ya USB inatosha (hakikisha si ile ya kuchajia tu). Sakinisha:

sudo apt install gcc-arm-none-eabi gdb-multiarch openocd make

Hilo la mistari kurukaruka na vigeu kutoonekana linatokana na -O2, chaguo la kuboresha kasi ya programu: kompaila inapanga upya msimbo na kufuta vigeu inavyoona havina kazi. Weka -Og -g3 badala ya -O2 kwenye Makefile, endesha make clean, kompaili upya. Usiruke make clean, la sivyo mafaili ya zamani yatabaki na utahangaika bure.

Kisha terminali ya kwanza, washa OpenOCD, inayounganisha ST-Link na kidibagi cha GDB:

openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f4x.cfg

Iache wazi. Ya pili, fungua GDB kwa mstari wa kwanza (weka jina la faili lako la .elf), kisha andika mingine ndani yake:

gdb-multiarch programu.elf
target extended-remote :3333
monitor reset halt
load
break main
continue

Programu ikisimama kwenye main, mazingira yako yako sawa. OpenOCD ikikataa kwa sababu ya ruhusa, chomoa bodi uichomeke tena kabla ya kukimbilia sudo. Mara nyingi kanuni za udev (zinazotoa ruhusa ya kutumia vifaa vya USB) zilizokuja na pakiti zilikuwa bado hazijaikuta bodi.